Bomba la maji si bomba la hewa: ushauri kwa anayefunga kompresa nyumbani

Ukiingia hadwea Arusha, iwe Kilombero au Unga Limited, ukasema unataka bomba la kompresa, usishangae kupewa PVC ya nusu inchi na kopo la gundi. Ubavuni limeandikwa PN16, yaani bar 16, na kompresa yako inakata kwenye bar 8. Hesabu inaonekana imekaa sawa, lakini namba hiyo ni ya maji, tena maji ya nyuzi joto 20.

Maji hayabanwi. Bomba likipasuka, presha hushuka palepale na hasara yako ni sakafu iliyolowa. Hewa hubanwa, na ikipata upenyo hutanuka kwa nguvu: tangi la lita 50 kwenye bar 8 linapofunguka hutoa kama lita 400 za hewa ya kawaida. PVC nayo haichaniki taratibu. Huvunjika vipande vyenye ncha kali, na hewa hiyo yote ndiyo inayovirusha. OSHA ya Marekani, mamlaka ya usalama kazini, ilishatoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 1988.

Joto linaongeza ubaya. Hewa inayotoka kwenye kichwa cha kompresa inaweza kuzidi nyuzi 100, wakati PVC ikifika nyuzi 43 tu imebaki na karibu nusu ya uwezo wake. Sasa lipitishe chini ya bati, Moshi, mchana wa Februari. Linaweza kukaa miezi kimya, likaja kulipuka siku spana imeligusa tu kwenye elbo. Kwa hiyo "mbona la jirani lipo mwaka wa tatu" haikuhakikishii chochote.

PPR, yale ya kijani yanayounganishwa kwa mashine ya joto, hayavunjiki ovyo namna hiyo, ila nayo hupoteza nguvu kwa joto na hurefuka sana: mita 10 zikipanda nyuzi 20 huongezeka kama sentimita 3, bomba likalegea na kutengeneza matumbo yanayotuama maji. Kama mtengenezaji hajaandika kwamba linafaa kwa hewa, liache kwenye bafu.

Shaba ni nzuri, haishiki kutu, lakini bei yake inauma. Kwa fundi wa kawaida chaguo ni GI, bomba la chuma lililopakwa zinki. Huuzwa kwa urefu wa mita 6. Chukua la robo tatu inchi kwa njia kuu, nusu inchi kwa matawi. Likishakatwa uzi, pitisha tupa kwenye mdomo wa ndani na ufute oili na vyuma vilivyobaki, maana uchafu huo utaishia kwenye bunduki ya rangi. Tepu ya uzi zungusha mara tatu au nne kufuata uelekeo wa kukaza, na uache uzi wa kwanza wazi ili vipande vya tepu visiingie ndani. GI hushika kutu kwa ndani baada ya muda, hivyo weka filta kabla ya kifaa.

Usiunge chuma moja kwa moja kwenye kompresa: mtikisiko utalegeza viungo. Weka bolu valvu (koki ya kufungia hewa) kwenye tangi, kisha kipande cha mpira wa presha cha nusu mita hadi mita moja, ndipo bomba lianze.

Maji yanayotokana na unyevu wa hewa ndiyo yanayowachosha wengi, hasa masika. Njia kuu iteremke sentimita 1 kwa kila mita, ikitoka upande wa kompresa. Tawi litokee juu ya njia kuu, lipinde, ndipo lishuke. Likitokea chini litakuletea maji yote. Tawi lishuke lipite mahali pa kuchomeka mpira kwa sentimita 20 au 30, na mwisho kabisa funga koki ya kutolea maji.

Kabla ya kutumia, jaza hadi bar 2, pakaa povu la sabuni kila kiungo, kisha bar 4, kisha 8. Zima kompresa, tazama geji kwa nusu saa. Pakivuja, toa hewa yote ndipo ukaze. Kiungo chenye presha hakikazwi, hata kwa robo mzunguko.

Na kama uko peke yako kwenye banda la mita nne, huhitaji bomba lolote. Mpira wa hewa ulioandikwa bar 20, wenye klipu imara, unatosha na ni rahisi kuliko yote.

Ukikuta karakana tayari ina PVC, kushusha regulata (kifaa cha kupunguza presha) hadi bar 4 si dawa: regulata ikigoma, bomba linapokea presha yote ya tangi. Zima umeme, fungua koki ya chini ya tangi hadi geji isome sifuri, kisha kata bomba lote utoe.