Shangazi Jibu: Bengaluru nitakula nini?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimepata nafasi ya kusomea ufamasia Bengaluru, India. Mimi ni mtu wa nyama na kalo (ugali wa ulezi), na wenzangu wananitisha eti huko ni majani tu. Nitakula wapi? – Msomaji, Mbale

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wanakutania hao. Nilipoishi huko, Jumapili zangu zilikuwa za mkahawa wa Shivaji Military Hotel, mtaa wa Jayanagar: nyama ya mbuzi, na biriani inayopakuliwa kwenye bakuli la majani makavu. Wahi, maana foleni yake haina huruma.

Na kalo ipo! Watu wa Karnataka, jimbo lenye Bengaluru, husonga unga wa ulezi, wakafinyanga donge la ukubwa wa ngumi liitwalo ragi mudde. Ila wao hawatafuni. Huchovya tonge kwenye mchuzi, wakameza. Mimi nilitafuna. Walicheka, nikaendelea.

Asubuhi nenda mkahawa wa MTR, barabara ya Lalbagh, uliopo tangu 1924. Agiza rava idli, andazi laini la kupikwa kwa mvuke, waliyoibuni kwa semolina (ngano ya chengachenga) mchele ulipoadimika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Dosa, yaani chapati ya uji wa mchele na dengu uliochachushwa, kwangu mimi ni ya mkahawa wa Vidyarthi Bhavan, mtaa wa Gandhi Bazaar: nene, ya kahawia, inanukia samli. Wahudumu hupanga sahani juu ya mkono mmoja mpaka unaogopa kupumua.

Kahawa yao huchanganywa na chikori (mzizi uliokaangwa na kusagwa) na maziwa mengi. Wewe uliyelelewa na kahawa ya Bugisu utanuna kidogo. Ukitaka isiyo na sukari, sema kabla hawajamimina.