Michango ya ndugu wa Ulaya: wakusanye huko huko kwanza

Juzi dada mmoja wa Mwanga kaniandikia. Mjomba wake yuko Ufaransa, katuma yuro 200, benki ya hapa imempa pungufu, na sasa mama yake anasema mjomba ni mwongo. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Mimi nilimwita kaka yangu hivyo hivyo.

Ilikuwa mwaka juzi, tunaezeka upya nyumba ya mama Ujiji. Mabati yalishaliwa na kutu, mvua ikinyesha mama anahamisha kitanda. Kwenye grupu la familia tukakubaliana: kaka yuko Antwerp, dada yuko Hamburg, binamu wawili wako Uholanzi, kila mmoja yuro 150. Mweka hazina mimi niliyebaki Kigoma. Kaka akarusha risiti ya 150; kwenye akaunti ikaingia 124. Ya dada nayo nusunusu. Sikuuliza, niliandika mbele ya wote: "Kaka, acha usanii." Akajitoa kwenye grupu. Fundi, kuona hela haitoshi, akabeba ngazi yake akaenda kazi nyingine Kibirizi.

Dada akanichoma zaidi aliposema yeye na kaka wanatumiana hela kila mara, inafika ndani ya sekunde na haikatwi hata senti. Niliona wameungana dhidi yangu. Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba alikuwa anasema kweli tupu.

Wenzetu wana mfumo mmoja wa malipo, SEPA, ulioanza Januari 2008. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaikataza benki kutoza hela ya yuro inayovuka mpaka zaidi ya inavyotoza ya ndani ya nchi. Kwa hiyo Hamburg kwenda Antwerp, kwa benki, ni kama Kigoma kwenda Kasulu. Unachohitaji ni IBAN, namba ya akaunti inayoanza na herufi za nchi: DE Ujerumani, BE Ubelgiji. Na tangu Oktoba 2025 benki za nchi za yuro zinatakiwa zimwonyeshe mtumaji kama jina linalingana na namba, na zimwezeshe kutuma hela ifike ndani ya sekunde 10, hata usiku wa sikukuu, bila kumtoza zaidi ya njia ya kawaida.

Sisi hatumo. Tanzania hata IBAN hatuna. Unampa mtumaji namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT wa benki yako, yaani herufi zinazoitambulisha benki hiyo kimataifa. Hela inapita benki moja au mbili za kati, kila moja inamega, na ya hapa inamega ya kupokelea. Sehemu kubwa ya makato hayo haijali ukubwa wa mzigo. Sisi tulikuwa tunalipa nauli nne kwa gunia moja.

Tukabadili. Kila aliyebakiza mchango akamtumia dada kwenye akaunti yake ya Hamburg, naye akatuma mara moja tu, akachagua OUR, yaani mtumaji anabeba makato ya njiani. Ikafika kama ilivyoondoka. Sijisifu, ila ukipita Ujiji ukaona bati la bluu linalong'aa, ndilo hilo.

Mwenye ndugu Uswisi ajihadhari: nchi hiyo imo SEPA lakini inatumia faranga, na benki ikibadilisha faranga kuwa yuro, hapo ndipo inapojilipa.

Na jamani, tuache kuwatukana wabeba boksi. Mtu kaamka alfajiri kwenye baridi, wewe umekaa kibarazani unamhesabia. Omba karatasi ya benki, soma mstari wa makato, ndipo ufungue mdomo.

Dada wa Mwanga, mwambie mama ampigie mjomba leo hii. Kaka yangu alirudi kwenye grupu mwezi wa nane, na mpaka sasa salamu za Idi anamtumia mama peke yake.