Kwenda Abruzzo mwezi Mei bila gari
Ndugu, umeuliza kama wiki moja ya mwezi Mei inatosha kuizuru milima ya Abruzzo, mkoa wa Italia ya kati, bila gari. Inatosha, mradi usitake kuimaliza yote. Panda treni kutoka Roma hadi Avezzano, kisha basi la Pescasseroli, mji mdogo uliomo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1923, ambamo dubu wa Marsica, waliosalia wachache mno, bado wanaishi porini. Kilele cha Corno Grande, chenye urefu wa mita 2,912, kiache safari hii, kwa kuwa theluji hukawia huko juu. Jioni agiza arrosticini, mishikaki myembamba ya kondoo iliwayo ingali ya moto (kwangu mimi, sababu tosha ya kulipa nauli). Ratiba ya mabasi ya Jumapili iangalie mapema.