Lebo Huandikwa Mwisho: Kwa Vikundi Vinavyoanza Kufungasha Mazao

Kila baada ya mavuno hutujia hapa Kisumu vikundi vipya vikiwa na mabunda ya lebo zilizokwisha kuchapwa, zenye rangi nzuri na picha za mashamba yao, na kila mara hulazimika kuwaambia wenyewe kwamba lebo hizo hazifai kubandikwa popote. Ninawapenda vijana hawa na ninaheshimu bidii yao, na ndiyo maana inaniuma kuona fedha za michango zikiishia kwa mpiga chapa kabla chupa moja haijauzwa. Sitawafundisha upya yale mnayoyajua: mnalijua Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, mnakijua kiwango cha Afrika Mashariki EAS 38 kinachohusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, na mnajua kwamba bwana afya lazima alikague jengo na kwamba kila anayeshika chakula awe na cheti cha afya. Kinachowashinda ni utaratibu wa kazi, kwa kuwa mnaanzia kwa mpiga chapa na kumalizia maabara, ilhali lebo ni kauli mnayoitoa mbele ya sheria, na mtu hatoi kauli kabla ya kuwa na ushahidi.

1. Msichapishe lebo kwa wingi kabla ya kupata nambari ya kibali cha KEBS cha kutumia alama ya ubora. Alama ya ubora isiyo na nambari chini yake haina maana, kwa kuwa mnunuzi yeyote anaweza kuituma nambari hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 na kujibiwa ni ya nani na ni ya bidhaa gani. Kibali hutolewa kwa bidhaa fulani ya mtengenezaji fulani. Kibali cha asali hakiifuniki siagi ya njugu iliyosagwa katika chumba kilekile, na nambari ya kikundi jirani, hata kama mwenyekiti wao ni dada yako wa tumbo moja, si ya kuazimwa. Wale wa maziwa lala na mtindi wakumbuke pia leseni ya Bodi ya Maziwa.

2. Mahali zao lilipotoka pawe kweli pale mlipopaandika. Juzi kijana mmoja aliniletea chupa ya asali iliyoandikwa kwamba ni ya msitu wa Kakamega. Nilipomuuliza mizinga iko wapi, alisema iko nyuma ya jiko la mamake, mwendo wa matatu mbili kutoka msituni, kisha akanieleza kwa imani kubwa kwamba nyuki wake ni hodari na huenda huko na kurudi. Tulicheka sote wawili, lakini sikumruhusu aondoke na lebo ile, kwa sababu nimewahi kuona jambo dogo kama hilo likikivunja kikundi kizima cha kina mama ambacho nilikuwa mshauri wake huko Siaya.

Kikundi hicho kilikuwa kikitengeneza siagi ya njugu. Kila mwanachama alileta njugu za shamba lake, zikakaushwa juu ya turubai, zikachambuliwa kwa mkono na kupimwa, na maneno makubwa kwenye kikopo yalisema: njugu zilizolimwa na kina mama wa Siaya. Maneno hayo ndiyo yaliyoiuza siagi ile kuliko ladha yake. Wanunuzi wa mjini walikuwa tayari kulipa zaidi kidogo kwa sababu walijua fedha zinamfikia nani, na duka moja kubwa likatenga rafu kwa ajili yetu. Kisha ikaja oda kubwa wakati ghala lilikuwa limebakiza magunia machache na mavuno mapya yalikuwa bado mbali.

Mweka hazina alikwenda Busia akarudi na njugu alizonunua kwa mfanyabiashara aliyezivusha kutoka Uganda. Kuvusha mazao si kosa, kwani njia za halali za Jumuiya ya Afrika Mashariki zipo na watu wetu huzitumia kila siku. Njugu zile zilikuwa kubwa, zenye ganda la ndani la rangi hafifu, wakati zetu zilikuwa ndogo na nyekundu. Nakumbuka meza ya kuchambulia asubuhi ile. Mama mmoja, mzee kuliko wote, aliokota moja kati ya zile mpya, akaisugua kwa kidole gumba mpaka ganda likatoka, akainusa, akaiweka kando. Akauliza, “Mwalimu, na lebo je?” Mweka hazina akamjibu kwa upole, “Mama, njugu ni njugu.” Hakuna aliyeendelea na mazungumzo hayo, wala mimi niliyelipwa kuwashauri, kwa kuwa gari la duka lilikuwa linangojwa. Lebo zilezile zikabandikwa.

Zaidi ya hayo, shehena ile haikupimwa. Cheti cha maabara tulichokuwa nacho kilihusu njugu zetu wenyewe, na kila mmoja wetu aliendelea kukitaja kana kwamba kinahusu njugu zozote zitakazopita katika mashine ile. Mnajua kwamba kuvu wanaotoa aflatoksini hustawi katika njugu zilizohifadhiwa na unyevu, kwamba sumu hiyo haionekani kwa macho, na kwamba kukaanga kunaipunguza tu bila kuimaliza. Kiwango cha Afrika Mashariki kinakomea mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kila kilo, na 5 kwa aina ya B1. Sampuli iliyochukuliwa dukani ilizidi viwango hivyo.

Jambo lililofuata ndilo ninalotaka mlisome polepole. Duka lilituomba tuonyeshe vikopo vilivyotokana na shehena hiyo ili viondolewe hivyo peke yake. Hatukuweza. Nambari ya bechi, yaani ya fungu la vikopo vilivyotengenezwa pamoja, tuliyokuwa tukiigonga kwenye vikopo ilikuwa ni mwezi na mwaka tu, na mwezi ule tulikuwa tumesaga njugu zetu na za Busia. Daftari la manunuzi lilikuwa na jumla ya fedha, lakini halikuonyesha gunia lipi lilisagwa siku gani. Kwa hiyo kila kikopo kikarudi, vile vya njugu safi za wanachama pamoja na vile vingine, vikapangwa ghalani hadi dirishani. Wanachama waliokuwa wametoa njugu zao kwa mkopo, wakitarajia kulipwa baada ya mauzo, wakakosa karo ya muhula. Mama yule mzee alikuwa mmoja wao, na njugu zake hazikuwa na dosari hata kidogo.

Wageni wa kazi hii huniuliza kama tulishtakiwa kwa kuandika Kenya kwenye kikopo. Hapana, na hapo pana somo linalostahili umakini wenu. Kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, zinasema kwamba chakula kikisindikwa katika nchi ya pili kwa namna inayobadilisha hali yake, nchi hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa nchi ya asili kwenye lebo. Njugu iliyokaangwa na kusagwa Siaya ikawa siagi inaweza kuitwa bidhaa ya Kenya kwa haki kabisa. Uongo haukuwa katika jina la nchi, ulikuwa katika neno “zilizolimwa”. Tungeandika kwamba siagi hii imetengenezwa Siaya, Kenya, sentensi hiyo ingekuwa kweli kwa njugu za popote. Tulichagua sentensi tamu zaidi, tukaifaidi ilipokuwa kweli, na tukashindwa kuiacha ilipokoma kuwa kweli. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nayo, na yule aliyelipa zaidi kwa ajili ya mkulima wa Siaya alikuwa amenyimwa haki hiyo, hata kama kikopo chake kingekuwa salama.

Basi, mkiamua kudai kwamba zao limelimwa kwenu, kila gunia liingie na jina la mkulima, tarehe na uzito, na kila siku ya kusaga iwe na nambari yake ya bechi. Msimu wa uhaba ukifika, ama mbadilishe lebo, ama mkatae oda.

3. Chakula kisiitwe dawa. Kila wiki ninaona unga wa wimbi unaotibu kisukari, asali inayomaliza vidonda vya tumbo na majani ya mlonge yanayoshusha presha. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza lebo ya uongo au ya kupotosha, na miongozo ya Codex inakataza dai lolote kwamba chakula kinazuia au kuponya ugonjwa. Najua mnayaamini maneno hayo kwa dhati, na wengine wenu mmemwona mgonjwa akipata nafuu. Fikirieni, hata hivyo, mgonjwa anayeviacha vidonge vyake kwa sababu ya pakiti yenu.

4. Haya madogo hurudisha lebo nyingi kuliko makosa makubwa. Alama ya gramu ni g, na ya kilo ni kg; “gms” na “Kgs” hazikubaliki. Uzito unaoandikwa ni wa chakula chenyewe bila chombo. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, na chumvi na sukari ni viambato kama vingine. Njugu, maziwa, soya, mayai na ngano vitajwe waziwazi kwa ajili ya wale wanaodhurika navyo. Bidhaa isiyodumu zaidi ya miezi mitatu ionyeshe siku na mwezi wa kuisha kwa ubora wake. Andikeni jinsi ya kuhifadhi, na jina na anwani ya mtengenezaji, kwa kuwa nambari ya simu peke yake si anwani. Asali iwe na unyevu usiozidi asilimia 20, na ninawasihi mwongeze onyo kwamba asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

5. Neno “hai”, la kilimo kisichotumia mbolea na dawa za viwandani, lina wenyewe. Alama ya Kilimohai inasimamia kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilichozinduliwa mwaka 2007, EAS 456, na haipatikani kwa kutonyunyiza dawa msimu mmoja. Kwa vikundi vidogo ipo njia ya uhakiki shirikishi, ambapo wakulima hukaguana kwa kumbukumbu na ziara za mashamba. Ni njia nafuu kuliko ukaguzi wa kampuni, nami naipendekeza sana kwa wakulima wa mboga za kienyeji wa Vihiga, kwa sharti kwamba mkubali kumwandika jirani yenu anapokosea. Hilo ni gumu. Nimeona mkaguzi wa kijiji akilikuta kopo la dawa ya viwavi nyuma ya banda la shemeji yake, akalitazama, kisha akafunga daftari.

6. Msimbopau, ile mistari inayosomwa na mashine dukani, unaoanza na 616 unaonyesha tu kwamba nambari ilisajiliwa Kenya. Msimwambie mnunuzi kwamba unathibitisha zao limelimwa hapa.

7. Wanaotaka kufungasha unga wa mahindi wasifikiri ni kazi rahisi kwa sababu kila kijiji kina posho mil. Tangu mwaka 2012 unga wa mahindi unaouzwa kwa pakiti ni lazima uongezwe vitamini na madini, kwa hiyo mtahitaji kifaa cha kuchanganya, mchanganyiko uliothibitishwa na vipimo vya mara kwa mara, pamoja na vile vya aflatoksini. Kikundi kimoja cha Bungoma kilipoziona gharama hizo kiliamua kuuza mahindi yaliyokaushwa na kupimwa unyevu, usiozidi asilimia 13.5, kwa wasagaji wakubwa. Sioni aibu yoyote katika uamuzi huo, na wanachama wake wanalipwa kwa wakati.

8. Kwa wenzetu wa Molo na Kuresoi wanaouza viazi bila pakiti wala lebo: gunia nalo ni tamko la kipimo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinaweka mwisho wa kilo 50, nayo yale magunia yanayoshonewa kofia ya wavu juu humpunja mkulima kwanza, kwa kuwa hulipwa kwa gunia huku dalali akiuza kwa kilo mjini. Mpimieni dalali viazi mbele yake, kwa mizani iliyokaguliwa na Idara ya Vipimo na Mizani na yenye muhuri wa mwaka huu. Asiyetaka kusubiri mizani, mwacheni aende. Lori jingine litapita kabla ya saa sita.