Bango la kasuku wa kijivu
Dada, umeuliza uanze na picha gani kwenye bango la kasuku wa kijivu. Mkia wake mwekundu, basi! Mwili uache kijivu tupu, mkia ndio uwake. Hata aliye ndani ya daladala atauona. Ile ramani ya Afrika iondoe, inakula nafasi bure. Maneno yawe machache: kwamba hunaswa kwa ulimbo misituni Kongo, na wengi hufa njiani kabla hawajamfikia mnunuzi. Ongeza kuwa tangu 2017 CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, umepiga marufuku kuuza nje ya nchi kasuku hawa waliokamatwa porini. Na tafadhali, usimchore tunduni akiongea. Picha za namna hiyo ndizo zinazowatia watu hamu ya kumfuga.