Chubwi limetoka na makunyanzi: majibu kwa wenye kalibu mpya

Tangu nieleze jinsi ya kusubu chubwi la mshipi nyumbani, yaani kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu, chombo cha kuyapa umbo, yawe kizito cha kuzamisha ndoana, barua nyingi zinazonifikia ni za wavuvi walionunua kalibu mpya ikawatia hasira. Leo najibu tano.

*Fundi, shikamoo. Nina kalibu ya alumini ya vipande viwili, ya chubwi la gramu 100. Kumi ya kwanza yametoka na makunyanzi kama embe lililokaa. Risasi yangu ni mbovu? (Pangani)*

Marahaba. Risasi yako haina kosa. Ama kalibu ni baridi, ama bado ina mafuta ya mashine iliyoichonga. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Ikigusa ukuta wa baridi inashika ngozi papo hapo, na ile inayofuata inapita juu yake bila kuungana nayo. Ndiyo hayo makunyanzi. Isugue kalibu kwa mswaki, maji ya moto na sabuni ya vyombo, ianike juani hadi ikauke kabisa, kisha iweke pembeni mwa jiko ipate joto taratibu. Ukianza kumimina usisitesite, jaza kwa mkupuo mmoja. Makunyanzi ya baridi hupungua kadiri unavyoendelea kusubu. Ya mafuta hung'ang'ania palepale, hata kalibu ikiwa ya moto. Hapo rudi kwenye sabuni. Mimi huyahesabu manane au kumi ya mwanzo kuwa ya kupashia kalibu tu.

*Yangu yanatoka meupe kama yamepakwa unga, tena yanachelewa kuganda. (Kilwa)*

Joto limezidi. Fungua kalibu, iache ipumzike dakika mbili tatu, upunguze na mkaa. Usiichovye majini, itapinda. Chubwi lenyewe ni zima, lifunge mshipini.

*Kila chubwi lina shimo juu, karibu na kitanzi cha waya. (Lamu)*

Risasi ikiganda hunywea, na sehemu inayoganda mwisho ndiyo inayobaki na pengo. Kwa hiyo usiishie usawa wa tundu. Acha kidimbwi kidogo cha risasi mdomoni mwa kalibu, kitaendelea kulisha chini huku chubwi likinywea. Ukitazama kwa makini utakiona kikibonyea katikati. Ziada utaikata baadaye. Kama kinachokosekana ni kona na si juu, ni hewa iliyokosa pa kutokea: chora vijia vyembamba kama unywele kwenye uso wa kalibu kwa msumari uliochongoka.

*Nilirudisha machubwi mabovu kwenye chungu, risasi ikaruka hadi darini. Ni kwa nini? (Bagamoyo)*

Ndugu yangu, mshukuru Mungu una macho. Naamini uliyapooza kwenye ndoo ya maji kwanza. Maji yakigeuka mvuke hupanuka takriban mara 1,700, na tone lililojificha chini ya kitanzi likizama ndani ya risasi iliyoyeyuka halina njia ila kuirusha yote juu. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi, mwenzangu alichovya upawa uliolala nje kwenye umande. Ulionekana mkavu. Nilisikia mlio kama wa mafuta ya kukaangia samaki, kisha akashika shingo. Alama zile anazo hadi leo, nne, ndogo kama punje za mtama. Kila kinachoingia chunguni, upawa, chubwi bovu, hata kipande kipya cha risasi, kikae kwanza ukingoni mwa jiko hadi usiweze kukishika. Vaa miwani, viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu.

*Napata betri kuukuu za gari bure. Jiko liko uani, na mke wangu ni mjamzito. (Mombasa)*

Nakuomba usizipasue. Zina tindikali, na unga wa risasi uliomo hupeperuka, hukaa kwenye nguo, mchangani na mikononi mwa watoto. Uko Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru unaujua: kiwanda kilichoyeyusha betri kilitia watu sumu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na aliye tumboni huipata kupitia damu ya mama. Kwa sasa nunua machubwi dukani. Siku ukirudia kazi hii, fanyia mbali na nyumba, upepo ukiwa mgongoni, na chungu kisichorudi jikoni tena. Yale majivu ya kijivu unayoengua juu yatie kwenye kopo lenye kifuniko, si jalalani wanakopekua kuku. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Risasi itafute kwenye nyavu zilizochakaa au vipande vya kubalansia magurudumu; katika hivyo, vinavyoelea huku vyenzake vikizama na kuyeyuka, viopoe mapema, maana si risasi.