Shemeji, ile picha haikupigwa sikukuu

Shemeji, umeniuliza mambo mawili: mbona ile picha ya mjini kwangu haina hata mtu mmoja, na kama vile vyumba vya biashara viko vitupu, kwa nini nisipange kimoja tukauza vitenge. Nakujibu bila kukuficha.

Picha niliipiga Jumanne, saa kumi alasiri. Katikati ya Owatonna, hapa Minnesota, ndiko kulivyo: majengo ya matofali ya ghorofa mbili tatu, duka chini, nyumba ya kupanga juu, mwaka wa ujenzi umechongwa kileleni. Ni pazuri, nisiseme uongo. Mkabala na bustani kuna benki iliyojengwa mwaka 1908 kwa ramani ya Louis Sullivan, msanifu majengo mashuhuri wa Marekani. Mara ya kwanza niliingia humo kuota joto tu, nikakuta taa nne za chuma, kila moja tani mbili na ushee, na ukutani wamechorwa ng'ombe wakubwa utadhani ndio wenye akiba. Watu hutoka mbali kuja kuipiga picha. Wakishapiga, wanaondoka zao. Na benki yenyewe, ujue, ilifilisika 1926.

Wateja wenyewe wapo kwenye maduka ya kando ya barabara kuu, I-35, upande wa magharibi wa mji. Wewe hapo Ngamiani, Tanga, unauza mafuta ya kupima, mtoto anatumwa dukani mara tatu kwa siku. Hapa mtu anakwenda na gari mara moja kwa wiki, anajaza buti, imetoka hiyo. Dirisha lako atalionea wapi? Na ikifika Januari, nje nyuzi ishirini chini ya sifuri, utalipia joto la chumba ambacho hakuna aliyeingia tangu asubuhi. Mimi nalea wazee zamu ya usiku. Mshahara wangu unajua safari zake zote, ya kodi ya duka haimo.

Sasa nisikukatishe tamaa kabisa. Kaskazini kidogo kuna Faribault, mji wenye majengo kama haya haya. Wasomali walikuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha bata mzinga, wakapanga vyumba vya katikati ya mji, wakafungua maduka ya nyama halali na vitambaa. Huko ukipita unawakuta wanaume wamesimama nje ya duka wanapiga soga. Wenyeji wengine walilalamika: hawa wanasimama hapa wanangoja nini? Nilicheka peke yangu. Baraza hawalijui! Mtaa wao umepata watu, wao wanaona kasoro.

Mama mmoja mwenye duka huko alinijibu kwa Kiswahili, amekulia Dadaab, kambi ya wakimbizi kule Kenya. Nikamuuliza kuhusu vitenge, akasema wateja wake wakitaka nguo wanakwenda Karmel, jengo la maduka ya Wasomali kule Minneapolis, si mbali kwa gari. Ila kanga hakuzikataa. Kwa hiyo usikope hela ya mtu kununua mzigo. Nitumie doti sita, za maandishi mazuri, nimpelekee tuone atazipa bei gani.